Mita Moja na Nusu

Ipo siku moja kule Bungoma ambayo hata leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Kaa vizuri, mwanangu, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Nilikuwa mchoraji ramani za majengo, msichana mwenye kiburi cha cheti kipya. Tulipewa kazi ya kubuni mlango wa wageni katika jengo moja la serikali la enzi za mkoloni. Jina lake nitaliacha. Watu walikuwa wakipanga foleni juani, na wazee wakishikwa mikono ili wapande ngazi. Nikabuni mlango wa vioo, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, na ukumbi wa kungojea. Ulipendeza ajabu! Hata sasa najisifu, Mungu anisamehe.

Ili kuuweka, ilibidi tuvunje ukuta wa nyuma. Nikapima jengo kwa nje, nikapima vyumba kwa ndani, nikajumlisha. Mita moja na nusu haikuonekana. Nikarudia. Mara ya tatu, tepu ikiwa mkononi, nikasikia mtu akikohoa nyuma ya ule ukuta. Nikatoka uani mbio: hapakuwa na mtu. Na kwenye ufa mdogo upepo wa baridi ulikuwa ukitoka, ilhali jua la Januari lilikuwa likichoma.

Ningemwambia bosi. Lakini alitaka ramani Jumatatu, nami niliona haya ionekane kwamba msichana wa kwanza kupewa kazi hiyo hajui kujumlisha. Basi nikachukua penseli, nikaunenepesha ukuta kwenye karatasi hadi ukaimeza ile mita na nusu. Kando nikaandika: mawe matupu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilianza na ukuta moja kwa moja.

Kazi ilipoanza akaja fundi wa mawe, Mzee Barasa wa Matulo. Aligonga ukuta kwa nyundo mara moja, akatega sikio, kisha akavua kofia.

"Msichana, nyuma ya hii ukuta kuna chumba," akasema polepole.

"Ramani inasema ni mawe matupu, mzee."

"Na ramani ilichorwa na nani?"

Nikaikunja ramani. Naye akaendelea, macho yake ukutani: "Papa, baba yangu Wafula, aliitwa hapa nikiwa mtoto. Ati maswali mbili tu. Mama alimngoja hapo kwa geti siku tatu. Hakutoka na mlango yoyote. Nipe wiki moja nifungue na mkono, jiwe kwa jiwe."

Mwanangu, nilijua anasema kweli. Nilijua! Lakini kumkubalia kulikuwa sawa na kukiri uongo wangu. "Hatuna wiki, bana," nikamjibu hivyo, mzee wa rika la babangu. Kesho yake mashine ikaletwa.

Ukuta ulianguka kwa vishindo vitatu. Vumbi lilipotulia, tuliona chumba chembamba kisicho na mlango wala dirisha. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na sahani ya bati na benchi. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa na vumbi, isipokuwa mahali pamoja pa benchi, panapomtosha mtu mmoja kukaa. Hapo palikuwa safi kabisa. Vibarua walitoka mbio, na hawakurudi siku hiyo.

Upande wa ndani wa ukuta tulioubomoa ulikuwa umepigwa plasta, na kwenye plasta watu walikuwa wamekwaruza majina yao. Sasa yalikuwa vipande vipande chini.

Mzee Barasa hakunigombeza. Alitandaza gunia, akaanza kuokota. Kusoma hakujua. "Nisomee," akasema. Nikapiga magoti vumbini nikasoma kutwa nzima, herufi mbili hapa, tatu pale. Kila kipande aliuliza, "Ni Wafula?" Kila kipande nikasema hapana. Jioni nikapata kimoja cha ukubwa wa kiganja: WA. Nilitamani kumdanganya ili apate usingizi. Lakini uongo wangu wa kwanza ulikuwa umetapakaa mbele yetu.

"Ni WA tu, mzee. Pengine ni yeye. Lakini nusu ya wanaume wa Bungoma majina yao huanza hivyo."

Akakifunga kwa leso. "Ungenipa wiki moja," akasema, "ningejua nazika nani."

Alikizika Matulo, kando ya mama yake. Nilikwenda, nikasimama nyuma ya watu, nikalia.

Basi nakuambia waziwazi, mwanangu: hesabu ikikataa, sema imekataa. Aibu ya kusema "sijui" huisha kabla ya chai ya saa nne. Aibu ya kuficha, mimi nimezeeka nayo. Na mtu akikuomba muda kwa ajili ya wafu wake, mpe, hata kama bosi atakufukuza. Mola akupe jicho la kuliona kosa lako mapema, na kinywa cha kulitaja. Na wazee wako wote walale mahali panapojulikana. Amina.