Nilivyompeleka Shosho Kanisani kwa Simu

Bisha ukitaka: mimi niliyeacha shule kidato cha pili nimempeleka shosho mmoja, bibi kizee Mfaransa, kanisani kijijini kwao, bila kutoka Fridley, hapa Marekani, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Hawezi tena kusafiri, na alitamani kuliingia kanisa lile mara ya mwisho. Nikatafuta picha kwenye simu, nikavua kofia.

"Mnara umechongoka, shosho. Kuta za mawe, zimeitangulia Marekani. Inama, mlango mfupi."

Akainamisha kichwa kwenye mto wa kitanda, akachovya kidole kwenye glasi ya maji, akafanya ishara ya msalaba.

Muuguzi wetu akaguna: "Padri, ulipadirishwa lini?"

"Leo. Piga magoti."

Akapiga.

Nilichowaficha: picha ilikuwa ya kijiji kingine. Shosho alijua mapema. "Mnara wetu haukuchongoka," alininong'oneza, "lakini endelea, tumeshaingia."