Nimekata kikohozi cha Baba

Leo nimemkata Baba kwenye video, na sijui kumrudisha.

Ni video ya utambulisho wa dada kule Mbale, siku mchumba alipokuja na watu wake kujitambulisha kwetu, mwaka mmoja kabla Baba hajafa. Kompyuta ya anko hapa Bugembe ilikuja na programu ya kukata video. Baba alikohoa sana kabla ya hotuba. Niliona aibu, nikakata, nikasevu kwa jina lilelile. Ya zamani ikafutika.

Mama akaja kutazama.

"Kikohozi kiko wapi?"

"Nimetoa, Mama. Nimesafisha."

"Hapo ndipo aliponiangalia akacheka. Rudisha."

Kanda ya awali, mpiga video wa siku ile alisharekodi harusi ya watu wengine juu yake.

Nimemwambia Mama natafuta. Amevuta kiti, anasubiri.

Nyinyi mngemwambiaje?