Nilimtukana Mama kwa Kipaza Sauti, Nikiwa Ilford

Makosa ni yangu, jamani, simsingizii shetani. Shetani mwenyewe angeniuliza, "Wewe uko Ilford, huko London, lango la kaunti linakuhusu nini?"

Iko hivi. Serikali kuu iliipa kaunti yetu kule Kenya pesa za kuwainua wafanyabiashara wadogo. Akina mama wa soko walitaka paa. Gavana akaamua kujenga lango la mji, tena lenye saa! Wawakilishi wa wadi wakarushiana viti, na akina mama wakaenda kukaa barabarani.

Mimi nilikuwa upande wa lango. Kwa nini? Kwa sababu gavana alipokuja London alikula chapati zangu, akaniita "dada yetu". Basi! Kichwa kikavimba.

Nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikarekodi sauti na kuituma kwa kundi la watu wa kwetu: "Hao wamama wamenunuliwa na unga! Watu wazima wanakaa kwa barabara, hawaoni aibu? Sisi huku majuu tunataka maendeleo!"

Majuu! Mimi ninayepanga chumba ambacho kabati lake halifungi!

Watu wa gavana waliichukua ile sauti, wakaicheza sokoni kwenye gari lenye vipaza sauti ili kuwaaibisha wale akina mama. Na katikati yao, juu ya gunia la viazi, alikuwa amekaa mama yangu mzazi. Hakuwa ameniambia. Nami sikuwa nimeuliza.

Alinitambua kwa neno la kwanza. Majirani zake pia.

Nilimpigia simu mpaka nikakata tamaa. Alipoishika hatimaye, akasema, "Mheshimiwa, ngoja kwanza nipike ule unga nilionunuliwa nao." Nilicheka, kisha nikalia. Niliumia jamani! Nikamwomba msamaha.

"Ulinitukana na kipaza sauti," akasema, "sasa unaniomba msamaha ukinong'ona?" Akakata simu, na hadi leo hajaishika tena.

Gari la gavana limekataa kucheza msamaha wangu. Ndiyo maana nimekuja hapa. Wenzangu wa ng'ambo, kabla hamjamtetea mkubwa aliyekula chapati zenu, ulizeni kwanza ni nani ananyeshewa.

Na kama unasoma haya karibu na soko lisilo na paa, tafadhali soma kwa sauti. Mama anakaa upande wa viazi.