Kengele ya Laini ya Usinge

Zeyana binti Nasor alianza kazi ya opareta wa simu Tabora mara baada ya Uhuru. Babake, muuza nguo, hakupenda binti yake akae ofisini na wanaume, lakini mamake alimtetea. Alisema sauti ya Zeyana ni tulivu, na mtu mwenye shida akiisikia hutulia.

Laini ya simu ya magharibi ilipita kando ya reli, karibu na njia ya zamani ya misafara, kuelekea Usinge. Ikikatika, kengele ililia ofisini kwa mkuu wa kituo, Bwana Sylvester. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, naye alishinda safarini kutafutia vijiji hivyo simu. Ofisi yake ilibaki imefungwa.

Masika moja, mti uliangukia waya. Kengele ililia kutwa nyuma ya mlango uliofungwa, na Zeyana, aliyekaa upande wa pili wa jengo, hakusikia kitu. Huko Usinge muuguzi Josepha alizungusha simu mpaka mkono ukamuuma, akitaka gari la wagonjwa kwa ajili ya Apolinaria, mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mwishowe walimpakia kwenye treni. Apolinaria alipona. Mtoto hakupona.

Baadaye Josepha alikuja Tabora. Hakuja kugomba.

"Dada Zeyana," aliuliza, "laini ikifa, nani anaambiwa?"

"Chumba kitupu," Zeyana alijibu.

Bwana Sylvester aliporudi, Zeyana alimweleza yote. Naye akaagiza kengele ihamishwe siku ileile. Fundi Dionis akavuta waya hadi chumba cha maopareta, ambapo hapakosi mtu.

Likazuka tatizo jingine. Kengele ililia kwa kila kitu, hata upepo ukigusanisha nyaya. Getruda, opareta mwenzake, akaiziba kwa kitambaa. Zeyana hakumlaumu; yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutoisikia. Akamwomba Dionis atenganishe: hitilafu ndogo ziwashe taa kwenye karakana yake, kengele ilie pale tu laini inapokufa kabisa. Kengele nyingine ikafungwa nyumbani kwa Dionis, kwa ajili ya saa ambazo hayupo kazini. Mkewe, Pelagia, alikubali, mradi isiwekwe juu ya kitanda.

Mwaka uliofuata laini ilikatika tena, mchana. Kengele ikalia, Dionis akapanda kiberenge cha reli na waya begani. Kabla ya alasiri Zeyana aliipigia zahanati ya Usinge.

"Kuna tatizo?" Josepha aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana. Nilitaka kujua kama mnanisikia."

Josepha alisema wanamsikia vizuri, na kwamba mahindi ya kijiji yameanza kubeba.