Waliouogopa Moyo Wangu

Moyo wangu ulianza ujinga wake dukani, mchana kweupe, nikimpimia mteja kitenge. Ukapiga, ukanyamaza, halafu ukapiga pigo moja zito lililonifanya nikohoe. Mteja akaniuliza kama nimepaliwa. Nikamwambia ni vumbi, maana kwetu Kamwokya, hapa Kampala, vumbi halikosekani na hakuna wa kubisha.

Tangu hapo haukunipa raha. Uliruka nikiosha vyombo, ukatulia nikipanda ngazi na furushi la vitambaa kichwani, kisha ukaruka tena nikiwa nimekaa kitako sifanyi lolote. Kama ungekuwa unaruka nikikimbia ningeuelewa. Nikawa mtumwa wa shingo yangu, vidole viwili chini ya taya kutwa nzima, nasikiliza. Niliacha kufunga komeo la bafuni ili nikianguka wasipate tabu ya kuvunja mlango. Nililalia ubavu wa kulia tu, kwa kuwa nikilalia wa kushoto niliusikia ukibisha hodi ndani ya mto. Na ule woga wenyewe uliuchochea moyo, moyo nao ukanizidishia woga, mpaka sikujua tena kipi kimeanza. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyouogopa mwili wangu mwenyewe. Nimeulisha, nimeuvisha, nimeuzalisha watoto watatu, halafu unanitega.

Nilikwenda kwa daktari mmoja wa moyo huko Ntinda. Akanibandika nyaya kifuani, akanipiga picha za moyo, akanivisha kidude cha kurekodi mapigo ambacho nilikaa nacho kiunoni siku nzima chini ya gauni langu la dira. Niliporudi alisoma, akanitazama juu ya miwani. "Mama, haya ni mapigo ya ziada. Moyo wenyewe mzima kabisa. Watu wengi wanayo na hata hawajui. Punguza kahawa, lala vizuri, na usiutegee sikio." Nikatoka pale nikilia kwa furaha. Kutoutegea sikio ni rahisi kusema, lakini angalau nilijua kwamba sifi.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaniona nikijishika shingo. Alinibana jikoni kwangu akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza yote, na maneno ya daktari nikayarudia mara mbili. Yeye alisikia "moyo", akaziba masikio. Kabla ya magharibi, ndugu zetu wote, kutoka kwa kaka yetu anayekaa Bugolobi hadi nyumbani kwetu Bombo, walikuwa wanajua kwamba mimi nina ugonjwa wa moyo.

Sasa kwetu sisi Wanubi, na wala si sisi peke yetu, mtu mwenye moyo haambiwi habari mbaya. Ni heshima, ni huruma, ni adabu ya watu wazima. Anaandaliwa, anazungushwa, anaambiwa fulani ni mgonjwa kidogo ilhali huyo fulani yuko kaburini. Nilikuwa naijua desturi hiyo, hata mimi nimewahi kunyamaza mbele ya wengine. Ila sikuwahi kukaa upande wa pili. Nikiingia chumbani, maneno yanakatika na mtu anaanza kusifia mchuzi. Binamu yangu aliangushwa na bodaboda akavunjika mguu, nikaja kujua alipokuja kunitembelea akichechemea. Arusini walinihamisha nikae mbali na ngoma za doluka, eti mshindo utanizidia, mimi ambaye ngoma hizo nimezipiga tangu sijaolewa. Kila nilipowaeleza alichosema daktari, walitikisa vichwa kwa upole. "Hao wasawo," dada alisema, yaani madaktari, "hivyo ndivyo hupoza wagonjwa." Na kuwaudhi sikuweza, maana hasira nayo walisema ni dalili ya moyo.

Mtu mmoja tu alicheka, naye ni mama. Mama alikuwa mjane wa askari, ameishi kambini, amekimbia vita na watoto mgongoni. "Moyo yangu imeruka tangu wakati ya vita," aliniambia. "Haijaenda popote. Leta chai." Nikiwa kwake Bombo nilisahau kujishika shingo.

Na mama ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Bombo waliofariki. Nilimfuata kazini tangu ujana wangu, nikibeba maji ya vuguvugu, nikisaga kafuri, baadaye nikimshikilia marehemu kichwa wakati yeye akimwagia maji. Nimegusa maiti wengi kuliko ndugu zangu wote wakiwekwa pamoja, na sikuwahi kutetemeka. Mama alipenda mikono yangu. Dada, alisema, huosha mtu kama anakimbilia sokoni. "Siku yangu ikifika," aliniambia mara nyingi, mbele ya watu, "wewe ndio utashika kichwa yangu. Mwingine hapana." Nami nikaahidi. Sijui kama nimewahi kuahidi jambo jingine kwa moyo mweupe namna ile.

Jumatano moja mume wangu aliichukua simu yangu akaitengeneze kioo. Kilikuwa kimepasuka tangu zamani, nimemsumbua hata nikachoka, kwa hiyo nilifurahi. Alhamisi akasema fundi hajamaliza. Ijumaa asubuhi aliniomba nimpigie pasi kanzu yake nyeupe. Kuna mazishi Bombo, alisema, mzee mmoja, watazika baada ya swala ya Ijumaa.

"Mzee gani?"

"Humjui, mama watoto."

Nikaipiga pasi. Niliinyoosha vizuri kola, nikarudia mikono kwa sababu kitambaa kile kinakunjana upesi. Nikamfungia kilo mbili za sukari ampelekee mama. "Nisalimie," nikamwambia, "mwambie Jumapili nakuja." Alipokea ule mfuko, akaushika kwa mikono miwili, akasema, "Nitamwambia."

Jumamosi mchana mwanangu mkubwa alinifuata dukani, akasema nahitajiwa nyumbani. Mlangoni nikakuta viatu vingi. Ndani walikuwepo mume wangu, kaka yangu, wanawake wa jirani, na nesi wa kliniki ya mtaani kwetu amekaa kando ya kiti kitupu. Kiti kilikuwa changu. Kabla sijauliza chochote nesi alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapampu, akasikiliza. Pembeni kulikuwa na maji ya glukosi yamekwisha kukorogwa.

"Iko sawa," nesi alisema. "Sasa mwambieni."

Kaka akasema mama ametutangulia. Jana alfajiri. Wamemzika baada ya swala ya Ijumaa.

Chumba kizima kikanitazama kifuani. Wallahi hawakunitazama usoni, walinitazama kifuani, kama watu wanaongoja maziwa yafurike. Nami nikaungoja pamoja nao. Nilijua nitakufa, tena kwa mara ya kwanza sikujali. Na moyo wangu, ule mshenzi unaoruka nikichambua mchele, ukapiga. Ukapiga tena. Pigo baada ya pigo, sawasawa, haukukosea hata moja. Nesi alipima mara ya pili akasema hakuna shida.

"Alhamdulillahi," mwanamke mmoja akasema. "Si munaona? Ilikuwa vizuri kungoja."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikulia, nilipiga kelele. Nilimwambia mume wangu nimeipiga pasi kanzu ya kumzikia mama yangu kama dobi wa kukodiwa. Nikamuuliza sukari yangu iko wapi. Akasema, macho sakafuni, kwamba walipikia chai ya wafiwa. Kaka akaja na mkono wake wa kunituliza: "Hapana lia sana, dada, moyo yako itasimama." Nikamwambia moyo wangu haujambo, wao ndio wagonjwa. Nikawaambia wameniibia. Neno hilo halikuwapendeza, lakini sikupata lingine na mpaka leo sijalipata. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa na wadudu wa namna mbili: mmoja ndani ya kifua aliyenisingizia kifo kila siku, na wengine sebuleni walioamini uongo wake kuliko maneno yangu.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda Bombo. Barabara ilikuwa na foleni mpaka Kawempe, kisha ikafunguka. Moyo uliendelea kwenda vizuri njia nzima, na kila pigo lililonyooka lilizidi kunichoma, maana lilikuwa ushahidi kwamba ningeweza. Ningefika. Ningefunga kitambaa kichwani, ningejaribu maji kwa kiwiko, ningemshika mama kichwa kama alivyotaka.

Dada nilimkuta amekaa mkekani katika chumba cha mama, amevimba macho. Aliinuka kunikumbatia, nikamwachia mwili bila mikono. Nikamuuliza nani alishika kichwa. Akasema ni yeye, pamoja na majirani wawili, na kwamba walimwosha vizuri, polepole. Nilitaka kumwamini. Alikuwa analia kweli, na alikuwa mfiwa kama mimi, na pengine miaka ijayo nitalikumbuka hilo kwanza.

"Ilikuwa ghafla?" nikauliza.

Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Hapana. Alianguka Jumatano. Alikuwa anasema kidogo kidogo. Alikuwa anakuuliza."

Nilikaa chini. "Ananiuliza vipi?"

"Kila gari ikipita hapa nje anasema, ni yeye? Anataka tumwinue aangalie dirisha."

"Na mlimwambia nini?"

Dada alinitazama, kwanza kifuani, halafu usoni. "Tulimwambia wewe uko kwa njia."

Mama aliijua barabara ile. Alikuwa ameipita maisha yake yote, kwenda na kurudi, na alijua kwamba hakuna foleni inayomchelewesha mtu kutoka Kamwokya tangu Jumatano hadi Ijumaa.