Mume Wangu, Mimi na Leseni ya Redio

Mume wangu alikuwa karani wa forodha hapa Amu, mtu wa kuhesabu magunia, na wazimu wa redio ulimpata akiwa mtu mzima. Hakutaka redio ya kusikiliza taarabu. Alitaka ile ya ridhaa, ambayo mtu hukaa nyumbani kwake akazungumza na watu wa mbali asiowajua, kwa nukta na vistari vya Morse. Nilimuuliza kama majirani amewamaliza. Akasema serikali inatoa leseni kwa wanaoanza, na atatahiniwa na bwana wa posta, mtu wa bara aliyekuwa akipokea simu za maandishi.

Akaanza na redio ya kupokea tu. Waya wake tuliuvuta mimi na wifi yangu juu ya paa, maana mapaa ya Amu alasiri ni ya wanawake, na mwanamume akitaka kupanda hana budi kupiga hodi nyumba zote za jirani. Yeye alisimama chini akitoa amri. Kisha akaandika herufi zote kwenye kadibodi, nukta na vistari vimepangwa kwa rula, akaibandika ukutani. Ilikuwa kazi safi ya ukarani.

Kila baada ya swala ya alasiri nilimpigia herufi, nikifuata nukta za kadibodi, kwa kidude cha mazoezi, cha kubonyeza, kilicholia kama mbu. Yeye alihesabu nukta kwa vidole, halafu akaitafuta herufi ukutani. Akiipata ya kwanza, mimi niko ya tano.

"Mbona wahisabu?" nilimwambia. "Hisabu ni za forodhani. Haya ni ya kusikiza."

Mimi shule sikwenda. Nilisoma chuo cha Kurani, mkekani, tukiimba hija, kutaja herufi kwa sauti, mpaka herufi zikatukaa mwilini. Kwangu Morse ilikuwa hija tu, kila herufi na sauti yake. Herufi za Kizungu nilizijua kwa masikio kwanza, ndipo nikatazama sura zao kwenye kadibodi, na baadhi yao zilinivunja moyo. Asubuhi, mume wangu akiwa kazini, nilifungua redio nikazisikiliza meli zikiitana, nikaandika nilichosikia. Maneno sikuyaelewa, lakini herufi hazikunipita. Hilo sikumwambia. Mtaa mzima ulikuwa ukijua kwamba yeye ndiye fundi.

Mtihani ulipokaribia niliibandua kadibodi nikaificha. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu aliketi mbele yangu, akafumba macho, akaimba nami herufi moja moja kama mtoto wa chuoni, na kitambi chake kile.

Alifaulu. Bwana wa posta alimpa mkono, akamwambia, "Karani, umejaribu sana. Mwalimu wako alikuwa nani?" Mume wangu akajibu kwamba alisoma kitabuni. Alinisimulia hayo mwenyewe, akicheka, nami nikacheka kidogo.

Leseni ilipofika, na mtambo wa kutuma nao ukafika, alinisomea masharti. Mwenye leseni peke yake ndiye anayeruhusiwa kubonyeza.

"Sheria hiyo, Bi," alisema, akakisogeza kidude cha mtambo upande wake.

Nilikasirika, tena sana. Mwaka mzima vidole vyangu ndivyo vilivyomfunza, na ni vitu vichache maishani nilivyopata kuvitaka kama kidude kile. Nilikunja mikono.

Siku ya kwanza aliita, akaita tena, na mtu akajibu. Alijibu kwa kasi. Kalamu ya mume wangu iliandika herufi tatu ikasimama, jasho likamtoka, akanigeukia.

"Amenena nini?"

"Mimi sina leseni, Bwana."

"Kusikiza hakuna sheria. Niambia."

Ningeweza kumwacha aaibike. Lakini mtu wa watu alikuwa akingoja huko aliko, basi nikamtajia herufi moja moja, jina la mtu yule na la mji wake, mpaka mwisho. Mume wangu alimjibu polepole. Alipomaliza, alizima mtambo akanigeukia.

"Kumbe wapokea," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa ukihisabu."

Kesho yake alirudi kutoka posta mapema, na fomu ya leseni mkononi. Bwana wa posta alimuuliza ni ya nani, naye, kama alivyonisimulia, akamjibu mbele ya foleni nzima: "Ni ya mwalimu wangu." Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, ambapo kwa kweli nilikuwa na hofu tu.

Akaketi, akakishika kile kidude cha mazoezi ili anipigie mimi nipokee. Alipiga polepole mno. Nikamwomba aongeze kasi.

"Siwezi," alisema. "Hapa ndipo nilipofika. Nifunda, mwalimu."