Hasikii wa Masikio

Niliripoti kazini Jumatatu ya pili ya Februari, saa moja na dakika arobaini asubuhi, nikakuta mlango umefungwa. Nilikuwa nimeambiwa saa mbili. Niliwahi makusudi, kwa sababu nilitaka kuchagua kiti changu kabla mtu hajanichagulia.

Nyie wadogo zangu mliobaki shuleni mnaniuliza kazi ya kusubiria majina ya kidato cha tano ikoje. Nawaandikia haya nikiwa mstaafu wa miaka kumi na minane. Chekeni tu. Nimefanya kazi, nimehamishwa kituo, nimekuwa na wakubwa wawili, na nimeagwa kwa soda na maandazi. Kama huko si kustaafu, sijui kustaafu ni nini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Miyuji, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Ni ofisi ya kushauri familia zenye watoto wenye ulemavu. Sasa fikirini: ofisi ya ulemavu, iko juu, na ngazi yenyewe nyembamba haina hata chuma cha kushikilia. Mimi ni mtu wa kushuku na siku hiyohiyo nilishuku. Nikasema hawa watu ama hawajui wanachofanya, ama wanajua sana.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mratibu, mama wa makamo anayevaa kitenge na raba. Wote tulimwita Mama Mratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Debora? Kigogo unakiongea, au unakijua kwa kutukanwa tu?"

"Nakiongea."

"Mbona sauti ndogo hivyo? Umekuja kazini au msibani?"

Nyuma yake alikuwepo mkubwa wangu wa pili, Mwalimu wa Elimu Maalumu, kaka mrefu mwenye mzaha mwingi. Akasema kitu, akacheka. Sikukisikia. Nikatabasamu.

Hapo niwe mkweli mapema, msije mkapotea. Sikio langu la kushoto halisikii. Nilipokuwa mdogo lilitoka usaha, bibi akalitia mafuta ya uvuguvugu, likakauka, nyumbani tukasema limepona. Maumivu yalipona. Usikivu haukurudi, na mimi sikumwambia mtu. Nilijifunza kukaa ukuta uwe kushoto kwangu, watu wote wawe kulia. Nisiposikia, natabasamu. Watu wakasema Debora ana aibu, na aibu kweli ikaja.

Na shaka nayo ikaja. Mtu anayesikia nusu ya maneno hujaza nusu nyingine mwenyewe, na mimi sikuwahi kuijaza kwa sifa. Wawili wakinong'ona, wananisema mimi. Mmoja akicheka, ananicheka mimi. Kwa hiyo niliingia ofisini humo na kiapo kimoja: wasijue. Na wiki hiyohiyo niliona watu wanavyoitwa. Mtoto anapanda ngazi akiitwa Baraka, anashuka akiitwa "ile kesi ya mguu". Sikutaka kushuka nikiwa kesi ya sikio.

Kazi ya mapokezi ni kusalimia, kuandika majina na kuchemsha chai. Lakini Mama Mratibu hakuwa anataka karani wa kuchemsha chai tu. Alitufundisha palepale kazini. Siku moja baba mmoja mwenye magongo alisimama chini akaita. Mwalimu akashuka kumsikiliza kando ya misumari. Mama Mratibu akanigeukia.

"Debora, kwa nini yule baba hajapanda?"

"Miguu yake, mama."

"Hilo ni jibu la daktari." Akanieleza kuwa huo unaitwa mtazamo wa kitabibu: shida imo mwilini, basi tibu mwili. "Na bibi yako angejibuje?"

"Angesema kuna mtu kamfanyia."

"Mtazamo wa laana. Huo ndio wa zamani kuliko yote, na bado una wateja. Na wale wageni wa Krismasi wanaokuja na mchele na kamera?"

Mwalimu alikuwa amesharudi, akadakia, "Wangempa mchele hukohuko chini, wampige picha, waondoke."

"Mtazamo wa hisani," Mama Mratibu akasema. "Na mimi nasema hajapanda kwa sababu ya ngazi. Weka njia ya mteremko, atapanda na magongo yake. Huo ni mtazamo wa kijamii. Kilichomo mwilini tunakiita hitilafu. Hitilafu ni yake. Ulemavu ni pale hitilafu yake inapokutana na ngazi yetu."

Nikawaza: kama unajua ni ngazi, mbona upo juu? Sikusema. Yeye akajibu kana kwamba nimesema. "Na mimi nakaa juu ya ngazi hiyo kila siku, nisikudanganye. Tunatafuta chumba cha chini, hatujapata. Halafu hata kwenye tambarare magoti yanamuuma yule baba. Kwa hiyo usije ukashika mtazamo mmoja ukaufanya dini. Angalia mwili, angalia mtu mwenyewe, angalia mahali alipo."

Nilimshuku zaidi. Amejuaje nilichowaza? Na kama anasoma uso namna hiyo, sikio atakosa kuliona?

Baada ya Pasaka nikahamishwa. Dada aliyekuwa akitafsiri Kigogo vijijini alikwenda kujifungua, nikapewa nafasi yake, upande wa Chamwino. Kwenye gari nilidaka kiti cha nyuma, dirisha la kushoto, na hakuna aliyeniuliza. Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshakaa, wao wawili wamesimama nje wakiongea kwa sauti ya chini. Mwalimu akanitupia jicho. Nikanyaka kipande kimoja tu cha Mama Mratibu: "...Debora... mpaka aseme mwenyewe."

Aseme nini? Nikajaza: mpaka aseme mwenyewe kwamba kazi imemshinda. Wanasubiri niombe kuacha. Safari nzima niliangalia mashamba ya zabibu na sikuona hata kishada kimoja.

Tulikwenda nyumba ya tembe, ile yetu ya paa la udongo, ya mama mmoja ambaye binti yake anaitwa Yulita. Yulita ana miaka tisa. Mwalimu wake wa darasa alikuwa amemrudisha nyumbani, na mama aliambiwa asimpeleke tena mpaka amfundishe adabu. Ndiyo kesi yetu: mtoto anarudi shule au harudi.

"Mbukwenyi," nikasalimia.

Mama Yulita aliitikia, lakini vigoda hakutoa haraka. Alituangalia mikono. "Kamera iko wapi?" akaniuliza kwa Kigogo.

Nikatafsiri. Mama Mratibu akafungua pochi yake, akaionyesha: leso, funguo, miwani. "Mwambie hatuna."

"Waliopita walisema hawana, ikatoka kwenye simu," mama akasema. Lakini akaleta vigoda.

Ndani kuna giza la kutosha. Nikawahi kona, ukuta kushoto. Mama Mratibu akauliza mtoto ana shida gani shuleni. Mama Yulita akaeleza kwa kirefu, nami nikafupisha: "Anasema hasikii."

"Mkaidi," Mwalimu akasema, kalamu tayari.

"Ngoja kwanza," Mama Mratibu akamzuia. "Debora, muulize. Hasikii wa masikio, au hasikii wa kichwa?"

Nikauliza. Mama Yulita akaona kama tunamchezea. "Nitajuaje mimi? Nikimwita kula, anakuja mbio. Nikimtuma chumvi, anarudi na kiberiti. Kama ni masikio, ugali anausikiaje? Ananitega huyo."

Mwalimu akacheka kidogo. Hata mimi ningecheka, ila Yulita aliingia. Ametoka kisimani, gauni limelowa begani. Akatusalimia mmoja mmoja, akaja moja kwa moja kwenye kona yangu, akasimama mbele yangu. Anasubiri.

"Kaa pale kwenye mkeka, kule mlangoni," mama yake akamwambia.

Hakuondoka.

"Mmeona?" mama akatuambia. "Hasikii!"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mtoto hakuwa anamkaidi mama yake. Alikuwa anaidai kona. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na sehemu moja tu ambapo mtu unaweza kuweka ukuta kushoto na watu wote kulia, na ni yake, ameikalia miaka yote, na leo kamkuta mgeni ameiiba. Tulitazamana. Nafikiri na yeye alielewa.

Nikainuka, nikampa. Akakaa, bega la kushoto ukutani, uso ukalegea. Mimi nikabaki katikati ya chumba, na kushoto kwangu wazi kama nyumba isiyo na mlango.

"Ni wa masikio," nikasema. "La kushoto."

"Umejuaje?" Mwalimu akauliza. Najua aliuliza kwa sababu nilimwona mdomo.

"Amechagua ukuta. Na akiitwa kula anakuja kwa sababu anaona sufuria inaepuliwa. Chumvi haionekani."

Mama Yulita hakumwangalia binti yake. Aliniangalia mimi. Akauliza kwa Kigogo, taratibu, "Na wewe, hapo ukutani ulikuwa unafanya nini?"

Kazi ya mtafsiri ni kupitisha kila neno. Hilo sikulipitisha.

"Amesema nini?" Mama Mratibu akauliza.

"Anashukuru."

Mama Mratibu akanitazama kitambo. "Mwambie karibu," akasema.

Wiki iliyofuata Yulita alipimwa Miyuji kwa mashine ya usikivu. Unavikwa vya masikioni, inalia tii, tii, ukisikia unanyoosha mkono. La kulia zima, la kushoto kimya. Akaandikiwa rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa wakaangalie ngoma ya sikio. Lakini rufaa peke yake isingemrudisha darasani. Mwalimu wetu akaenda shuleni kwake, wakakubaliana akae mbele, kando ya ukuta wa kushoto, na mwalimu wa darasa asiongee akiwa amegeukia ubao. Akarudi shule. Nilipomwona mama yake tena akaniambia, "Bado hasikii. Lakini sasa hivi ni wa kichwa, nimempima mwenyewe."

Tulipokuwa tukirudi kutoka kwao ile siku ya kwanza, gari lilipunguza mwendo kwenye korongo kubwa lililokula barabara. Mama Mratibu akageuka kutoka kiti cha mbele, uso wote kwangu, akaongea kwa sauti.

"Unaona hili korongo? Wenyeji wanasema lilianza na kijia cha mifugo. Mvua ikapita, likachimbika. Nyingine ikapita. Leo linameza lori. Ulemavu nao unakua hivyohivyo. Sikio linauma. Mtoto anajibu kisichoulizwa, wanamcheka. Anaacha kujibu. Wanasema mkaidi, au wanasema ana aibu. Anaanza kuwashuku. Anakaa peke yake. Ukimkuta amekua, unasema ndiyo tabia yake, wala huulizi ilianza wapi. Sikio lenyewe lilikuwa kijia tu."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilishuku kwamba ananisema mimi. Safari hii nilikuwa sijakosea, lakini nilikasirika vilevile. Niliona anachungulia nyumbani kwetu bila hodi. Miezi iliyobaki nilifanya kazi vizuri na sikumpa nafasi. Akinikaribia peke yake, nilikumbuka birika jikoni.

Halafu majina ya kidato cha tano yakatoka, nikawa nimechaguliwa. Nikaagwa siku ya Alhamisi. Mwalimu akatoa hotuba ya kunisifu kwamba ni mfanyakazi pekee anayefika kabla ya mlango. Mama Mratibu akauliza, "Mstaafu ana neno?"

"Nashukuru, mama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akamega andazi. "Haya. Mashine ya kupimia inakuwepo kila Ijumaa. Kama kuna mtu unamjua."

Ndipo kile kipande cha asubuhi ya safari kikakaa mahali pake. Mpaka aseme mwenyewe. Walijua tangu zamani, labda tangu nilipofika na kudaka kiti. Hawakuniandika popote. Walikuwa wananisubiri.

Sasa ni mstaafu, natakiwa niwape mawaidha. Sina mengi. Nimejifunza mitazamo yote ile, naweza kuwaeleza hata nikiamshwa usingizini, na bado jioni ile ya Alhamisi, nikitoka kununua mlenda hapa kwetu Mkonze, nilipita kundi la wasichana wakacheka na nikaamini wananicheka. Kujua jina la kitu hakukiondoi. Bado nawashuku watu. Ila nimeanza kushuku na shaka yangu yenyewe, inapata wapi maneno yake.

Kesho yake, Ijumaa, nilichota maji, nikafagia uwanja, nikamwambia mama naenda Miyuji.

"Si umestaafu?"

"Naenda kupimwa sikio."

"Lipi?"

"La kushoto. Halikupona, mama."

Akaacha kuchambua mchele. Akaniwekea kanga yake mpya mabegani, kama mtu anayekwenda mahali.

Nikapanda ile ngazi. Sikwenda mapokezi. Nilikaa kwenye benchi la wateja, tena katikati, siyo mwisho penye ukuta. Mwalimu akatokea upande wa kushoto, akasema kitu, akacheka.

Tabasamu langu lilianza kuja. Nikalirudisha.

"Mwalimu, sikusikii. Zunguka huku."

Akazunguka. Akachuchumaa kulia kwangu.

"Nilikuwa nauliza," akasema, "leo nani atachemsha chai, maana mimi yangu hainyweki."